KUJIPIMA MUAMALA WETU NA WATU KAZINI



Kila kazi ambayo mtu huifanya pamoja na watu wengine ina elimu mbili. Elimu ya kwanza ni ya kazi yenyewe: karani ajue hesabu zake, fundi ajue chombo chake, muuguzi ajue dawa zake, na mwenye duka ajue bei na mizani. Elimu ya pili ni ya kutangamana na wale ambao kazi haifanyiki ila pamoja nao: mkubwa aliye juu yetu, mwenzetu aliye ubavuni mwetu, mdogo aliye chini ya amri yetu, na mteja aliyetujia na haja yake. Elimu ya kwanza ina vyuo vyake, ina mitihani yake, na ina vyeti vyake vinavyotundikwa ukutani. Elimu ya pili haina cheti, na kwa hivyo wengi wetu twadhani kuwa hatuihitaji, au twadhani kuwa tumezaliwa nayo.

Muradi wa somo hili ni elimu hiyo ya pili. Twataka kumweleza msomaji namna ya kuipima nafsi yake katika muamala wake na watu kazini, na namna ya kuitengeneza pale atakapoiona imepunguka. Na neno moja ambalo twapenda alishike tangu mwanzo ni hili: kipimo hiki mtu hawezi kukishika peke yake. Hapana aonaye kisogo chake kwa kioo kimoja. Yataka vioo viwili, na hicho cha pili kimo mkononi mwa mwenzake.

KWA NINI TUMELICHAGUA JAMBO HILI

Katika miji yetu ya pwani, kijana akiachishwa kazi, au akipitwa na mwenziwe katika kupandishwa cheo, neno la kwanza litakalosikika barazani ni kuwa amechukiwa. Sisi hatusemi kuwa dhulma hakuna. Dhulma iko, na aliyedhulumiwa yampasa aidai haki yake wala asinyamaze. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, imemlazimisha mwenye kazi, kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa la mwenendo au kwa kutofanya kazi ipasavyo, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu. Na mfanyakazi ana haki, wakati wa maelezo hayo, awe na mwenziwe wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe. Kila mfanyakazi na aijue haki hii.

Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 44, imeyahesabu maneno ya matusi, na mwenendo wa kumvunjia heshima tajiri au yule aliyewekwa juu ya mfanyakazi, kuwa ni katika makosa makubwa ambayo kwayo mtu aweza kufukuzwa bila ya kupewa notisi. Basi yamkini mtu akawa bingwa wa kazi yake, akaipoteza riziki ya watoto wake kwa neno moja lililomtoka hali ana hasira. Wazee wetu walisema kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na hapa twaiona hasara yake kwa hesabu ya shilingi.

Tena hao wanaofukuzwa ni wachache. Walio wengi ni wale ambao hawafukuzwi, bali huachwa pale pale walipo mwaka baada ya mwaka. Kazi yao ni nzuri, lakini hapana atakaye kufanya kazi pamoja nao. Wakubwa huwaepuka, wenzao huwazunguka, na wadogo huwaogopa, na katika wote hao hapana hata mmoja aliyewaambia sababu. Sisi twauona msiba wa watu hawa kuwa mzito kuliko wa yule aliyefukuzwa, kwani aliyefukuzwa ameambiwa kosa lake, na hawa hawaambiwi.

UUNGWANA SI SALAMU PEKE YAKE

Huenda msomaji akatujibu: "Sisi watu wa pwani tena ndio wa kufundishwa kukaa na watu? Salamu zetu ndefu, maneno yetu laini, na ustaarabu wetu wajulikana kote." Hilo ni kweli, nasi twajivunia. Lakini muamala ni mpana kuliko salamu, na twaona kuwa iko mipasuko mitatu ambayo salamu zetu nzuri zimeifunika, wala hazikuiziba.

Wa kwanza ni kuoneana haya katika jambo la haki. Mtu amkuta mwenziwe akikosea kazini, hamwambii kitu, amchekea na kumpa mkono. Jioni ikifika, khabari yote huianika barazani mbele ya watu ambao hawahusiki nayo hata kidogo. Aliyepaswa kuambiwa hakuambiwa, na wasiopaswa kuambiwa wameambiwa wote. Huu si upole. Hii ni kusengenya, na kosa la kazi lingali pale pale.

Wa pili ni kuwa na ndimi mbili: ulimi wa asali kwa mkubwa, na ulimi wa shubiri kwa mfagizi, hamali, na bawabu. Mtu hapimwi kwa anavyosema na yule awezaye kumpa cheo. Hupimwa kwa anavyosema na yule ambaye hawezi kumpa kitu.

Wa tatu ni ahadi isiyo na nia. Mtu huulizwa kama kazi fulani itakuwa tayari kesho, naye ajua moyoni kuwa haitakuwa, akajibu "Inshallah" apate kuondokewa. Neno tukufu lililowekwa ili mja akiri kuwa mambo yote yamo mikononi mwa Mola wake limegeuzwa pazia la kufichia uvivu. Mwenye kutumia hivyo amekosa mara mbili: kwa Mola wake, na kwa mteja aliyefunga safari asubuhi akarudi mikono mitupu.

MFANO WA NABII MUSA

Mtu mwenye kujipima sawasawa si mtu dhaifu. Twakisoma katika Kurani kisa cha Nabii Musa, alayhi ssalam, alipotumwa kwa Firauni. Alikuwa na ujumbe wa haki na alikuwa na miujiza, na pamoja na hayo alikiri kuwa nduguye Harun ana ulimi fasaha kuliko wake, akaomba apewe awe msaidizi wake. Naye akapewa. Khalafu wote wawili wakaamriwa waseme na Firauni kwa maneno ya upole, na Firauni ni yule yule aliyekiuka mpaka wote.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili kwa mfanyakazi. La kwanza ni kuwa kuijua kasoro yako ya kusema na watu, na kumtafuta wa kukusaidia, si fedheha hata kwa mtume. Vipi basi iwe fedheha kwa karani au kwa meneja? La pili ni kuwa upole wa maneno hauwi malipo ya wema wa yule tunayesema naye. Ni wajibu wa msemaji mwenyewe. Asemaye "Mimi ni mpole kwa anayestahiki" hajaanza bado kujifunza.

KWA NINI MTU HAJIONI

Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waitwao Justin Kruger na David Dunning, walitangaza matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanafunzi. Waliwapa mitihani, kama vile ya mantiki na ya sarufi, khalafu wakamtaka kila mmoja akisie yeye amekuwa wapi kati ya wenziwe. Wale walioanguka katika robo ya mwisho, kwa wastani, walikuwa wamewashinda watu 12 tu katika kila 100. Na wao wenyewe walikisia kuwa wamewashinda 62. Wataalamu hao walieleza kuwa aliyepungukiwa na ujuzi wa jambo hupungukiwa pia na kile kipimo cha kumwonyesha kuwa amepungukiwa. Ikiwa hivi ndivyo katika sarufi, ambayo majibu yake yaandikwa kwa wino, basi je, katika muamala, ambao majibu yake yamo nyoyoni mwa watu?

Jambo hili maulamaa wetu walilijua zamani. Imam al-Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijria, yaani 1111, ametaja katika kitabu chake cha Ihya njia nne ambazo kwazo mtu huzijua aibu za nafsi yake. Ya kwanza ni kukaa mbele ya sheikh mwenye kuona, akubali amri yake. Ya pili ni rafiki mkweli, mwenye dini, amfanye kuwa mwangalizi wake. Ya tatu ni ndimi za maadui, kwani jicho la chuki hufichua lile ambalo jicho la mapenzi hulifunika. Ya nne ni kuchanganyika na watu, na kila baya aliloliona kwao ajiulize kama yeye naye halimo. Angalia, ndugu msomaji: katika njia nne hizi, hakuna hata moja inayomtaka mtu ajifungie chumbani ajitazame peke yake. Zote ni lazima zipitie kwa watu.

Nao wataalamu wa nafsi wa zama zetu wamekuja na mfano ulio karibu na huo. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora mraba wenye vyumba vine, wakauita Dirisha la Johari. Jina hilo walilifanya kwa kuunga majina yao mafupi, Joe na Harry, na kwa Kiswahili johari ni kito cha thamani. Chumba cha kwanza kina yale ambayo mtu ayajua juu ya nafsi yake, na watu nao wayajua. Cha pili kina yale ambayo watu wayajua, naye mwenyewe hayajui. Cha tatu kina yale ambayo yeye ayajua, naye huwaficha watu. Cha nne kina yale ambayo hayajui yeye wala hawayajui wao. Kazi ya mwenye kujitengeneza ni kukipanua chumba cha kwanza: akipunguze cha pili kwa kuuliza na kusikiliza, na akipunguze cha tatu kwa kusema wazi yale yanayofaa kusemwa. Na chumba kinachotuharibia kazi zetu mara nyingi ni hicho cha pili.

MIZANI MITANO

Sasa twaingia katika kazi yenyewe. Chukua daftari, uandike masuala haya, na mbele ya kila suala uweke moja ya majibu matatu: sikuzote, mara nyingine, au mara chache.

Mizani ya kwanza ni kusikiliza. Je, mwenzangu akisema mimi humwacha amalize, au humkatiza katikati? Nikipewa maagizo ya kazi, je, huyarudia kwa maneno yangu mwenyewe ili nihakikishe kuwa nimeyafahamu? Mteja akilalamika, je, nasikiliza haja yake, au natayarisha jibu la kumshinda?

Mizani ya pili ni kusema wazi. Je, nikijua kuwa kazi haitakuwa tayari, nasema mapema, au nangoja mpaka siku ya ahadi? Nikiwa sikufahamu, je, nauliza, au naitikia kwa kichwa? Je, hutumia maneno ambayo yule ninayesema naye ayafahamu, khasa akiwa mgeni wa kazi au mgeni wa lugha yetu?

Mizani ya tatu ni kukosoa na kukosolewa. Nikiona kosa, je, humwambia mwenyewe, kwa faragha, na mapema? Je, hulitaja kosa lenyewe, au huitaja tabia ya mtu na ukoo wake? Na mimi nikiambiwa kosa langu, neno la kwanza kunitoka kinywani ni shukrani, au ni udhuru?

Mizani ya nne ni kuizuia hasira. Je, nikighadhibika hunyamaza kwanza? Je, nimewahi kumjibu mtu kwa ujumbe wa simu wakati damu ingali ikichemka? Tukumbuke kuwa ujumbe ulioandikwa hauna sauti wala sura ya kuupoza, tena hubaki. Na makaripio yaliyopelekwa mbele ya kundi zima la wafanyakazi ni kama kumpiga mtu bakora sokoni.

Mizani ya tano ni insafu. Je, nikisifiwa kwa kazi tuliyoifanya wengi, huwataja wenzangu? Je, namwamkia bawabu kama ninavyomwamkia mkurugenzi? Nikikosa, je, huomba radhi kwa neno lililo kamili, au husema "Kama nimekukosea" ilhali najua kuwa nimemkosea?

Ukisha kuandika majibu yako, yafunike. Khalafu mpe masuala yale yale mtu mmoja anayefanya kazi pamoja nawe, umwombe akujibie wewe bila ya kuyaona uliyoyaandika. Mkisha, yawekeni majibu pamoja. Pale mlipokubaliana, hamna haja ya maneno mengi. Pale ambapo wewe umeandika "sikuzote" naye ameandika "mara chache", hapo ndipo penye somo lako.

ADABU YA KUMWULIZA MTU AIBU ZAKO

Jambo hili si jepesi, kwani watu huona haya kumwambia mtu aibu yake, na wengi waulizwapo hujibu kuwa hawajaona ila kheri. Imam al-Ghazali amesimulia kuwa Sayyidna Umar, radhi za Mungu ziwe juu yake, alipokutana na Salman alimwuliza ni lipi lililomfikia juu yake katika yale ayachukiayo. Salman akaomba asamehewe kujibu. Umar akamshikilia. Ndipo Salman akamwambia kuwa amesikia kwamba huweka vitoweo viwili katika meza moja, na kwamba ana nguo mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Umar hakumwuliza ni nani aliyemwambia, wala hakutoa hoja ya kujitetea. Aliuliza kama liko jingine zaidi ya hayo. Alipoambiwa kuwa hakuna, akasema kuwa hayo mawili yamekwisha.

Tuyatazame mambo manne katika kisa hiki. Kwanza, Umar alimchagua mtu mkweli, wala hakumwuliza mwenye kumtegemea kwa riziki yake. Pili, suala lake lilikuwa la jambo maalumu, hakuuliza "Je, mimi ni mtu mzuri?" ambalo halina jibu ila la kubembeleza. Tatu, alipokataliwa mara ya kwanza hakufurahi kuwa ameokoka, bali alirudia. Nne, alipojibiwa hakubishana.

Basi nawe muulize mwenzako hivi: "Katika mkutano wetu wa juzi, ni neno gani nililolisema ambalo lingekuwa bora lau ningelinyamazia?" Au: "Ni jambo gani moja ambalo nikiliacha kazi yetu itakuwa nyepesi?" Akikujibu, mwambie ahsante, uliandike, na ulale nalo usiku mmoja kabla ya kulisemea lolote. Ukibishana naye mara moja tu, hatakwambia kweli tena maisha yako yote. Na usiwasahau watu wa nyumbani. Namna tunavyowajibu wake zetu, waume zetu, na watoto wetu tukiwa tumechoka ndiyo namna tutakayowajibu wenzetu kazini siku ya dhiki.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Ukisha kuijua kasoro yako, usijaribu kuzitengeneza zote kwa pamoja. Shika moja tu, uishike mwezi mzima, toka mwandamo hadi mwandamo. Tena ifanye iwe kitendo kinachoonekana. Ukisema "Nitakuwa mpole," hujasema kitu, kwani upole haupimiki. Lakini ukisema "Sitasema mpaka mwenzangu amalize, nami nitahesabu mpaka tatu ndipo nijibu," hilo wewe mwenyewe utalijua kila jioni kama umelitenda au hukulitenda.

Kila siku baada ya Isha, kabla ya kulala, andika mistari miwili: leo nilifanikiwa wapi, na leo nilishindwa wapi. Hii ndiyo muhasaba, nayo yataka dakika tano tu. Mwisho wa mwezi rudi kwa yule mwenzako, umwulize suala lile lile. Akisema kuwa pamebadilika hata kidogo, shukuru, kisha ushike kasoro ya pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Na aliye na neno gumu la kumwambia mwenzake, na alipange kabla ya kulisema: kwanza aeleze alichokiona kwa macho yake, pili aeleze madhara yake katika kazi, tatu amwulize mwenziwe yeye alionaje, nne wapatane la kufanya. Tuchukue mfano: "Mzigo wa jana uliandikwa magunia 40, nasi tulihesabu 38. Tajiri ameniuliza nami sikuwa na jibu. Je, wewe uliona vipi? Tufanyeje lisitokee tena?" Yatazame maneno haya. Hamna neno "mwizi," hamna neno "mzembe," wala hamna neno "wewe sikuzote," na lililotakiwa kusemwa limesemwa lote.

NENO KWA WENYE AMRI

Wako wakubwa wa kazi wadhanio kuwa somo hili ni la wadogo. Kwao tutataja tukio moja la tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, kilicho chini ya Spain. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa katika njia moja ya kurukia, na ukungu ulikuwa mzito. Rubani mkubwa wa ndege moja alikuwa ni mtu wa miaka mingi katika kazi, tena mwalimu wa marubani. Alipoanza kuikimbiza ndege yake, fundi wa mitambo aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha toka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kuwa imetoka. Fundi akanyamaza. Ndege zikagongana, wakafa watu 583. Sababu za ajali hiyo zilikuwa zaidi ya moja, ukiwamo ukungu na maneno ya redio yasiyofahamika vizuri. Lakini mashirika ya ndege yalifahamu kuwa suala la fundi yule lilikuwa la haki, na kwamba lilizimwa na ukubwa wa yule aliyeulizwa. Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani lilikutanisha wataalamu juu ya jambo hili, na tangu hapo marubani wakaanza kufundishwa mbali na kuendesha ndege: mdogo afundishwe kusema bila ya khofu na kurudia asiposikilizwa, na mkubwa afundishwe kuuliza na kusikiliza.

Basi wewe nyapara, mwalimu mkuu, matroni wa hospitali, au mwenye duka, jiulize: ni lini mara ya mwisho mdogo wangu aliponiambia kuwa nimekosea? Ikiwa hukumbuki, usidhani kuwa hukosei. Yaliyo karibu zaidi na kweli ni kuwa wadogo wako wamekwisha kukata tamaa ya kukwambia.

MPAKA WA JAMBO HILI

Tumalizapo, twapenda kuondoa dhana moja. Muamala mwema si kujipendekeza, wala si kukubali kila ovu kwa ajili ya amani. Mfanyakazi anayeamrishwa kuandika hesabu ya uongo yampasa akatae, naye aweza kukataa kwa maneno ya adabu. Na mwanamke anayesumbuliwa kazini kwa maneno au vitendo vya aibu, asiambiwe kuwa astahamili kwa jina la upole. Kifungu cha 6 cha Sheria hiyo ya 2007 kimekataza jambo hilo, na kimemlazimisha kila mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kanuni iliyoandikwa ya kulizuia. Adabu ni namna ya kuisema haki, si namna ya kuizika.

Kwa darasa letu lijalo, twaomba kila mmoja wetu aje na daftari lake lenye majibu ya masuala ya mizani mitano, yake mwenyewe na ya mtu mmoja anayefanya kazi pamoja naye. Hatutayasoma mbele za watu, kwani aibu za mtu si mazungumzo ya mkutano. Tutakaa wawili wawili, kila mtu na yule amwaminiye, tuitazame ile mistari ambayo majibu yake hayakupatana. Na asiyekuwa na kazi sasa, na afanye hivyo na watu wa nyumba yake au wa madrasa yake, kwani siku atakapoipata kazi tabia zake ataingia nazo mlangoni.

Wabillahi ttaufiq.